Tusimupe Kocha Kadi ya Mutu Mwingine



Tangu ile siku ya posho tulipopigwa 4-0 ku kiwanja chetu wenyewe, mbele ya wazazi wetu, hakuna habari ingine katika shule hii. Ku chumba cha kulia, ku kisima, ku internat, hata ku mulango wa kapela, ni neno moja tu: kocha aende. Karatasi inatembea darasa kwa darasa, na majina yamekwisha kujaza upande wake mmoja. Wanataka kuipeleka kwa Bwana Prefe mbele ya likizo. Wamoja wananisimamisha njiani: « Mukubwa, jina lako tunalitafuta hatulioni. Unaogopa nani? »

Siogopi mutu. Lakini mbele ya kuandika jina langu chini ya hukumu ya mutu mwingine, ninataka kujua ni kwa kosa gani tunamuhukumu. Njo maana nimetwaa kalamu.

Kwanza niseme wazi yale munayosema ninyi munaotaka aende, maana si maneno ya bure. Munasema: yuko na ekipe miaka mitatu, na kombe hatujaliona. Munasema anapenda wachezaji wakubwa wa darasa la tano na la sita, anawasahau watoto wa chini wenye mbio. Munasema siku ile tulicheza kama watu wasiojuana. Mimi nilikuwa pembeni ya kiwanja, niliona. Ku goli la pili walinzi wetu wawili walitazamana, kila mmoja akifikiri mwenzake atautoa mupira, na adui akapita katikati yao. Ni kweli. Mimi pia nililala na haya.

Lakini sikilizeni habari moja ya wazee wetu.

Mwaka 1974, wakati nchi yetu iliitwa Zaire, kocha wa Leopards alikuwa Blagoje Vidinić, mutu wa Yugoslavia. Mwezi wa tatu wa mwaka ule, kule Cairo, Leopards walitwaa Kombe la Afrika. Fainali na Zambia iliisha 2-2. Wakarudia kisha siku mbili, tukashinda 2-0. Magoli yetu yote mane ya fainali zile mbili yalifungwa na mutu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale yote alifunga 9, na mpaka leo hakuna aliyefikisha hesabu ile katika Kombe moja la Afrika. Siku ile, nani angesema kwamba Vidinić hajui kazi?

Kisha miezi mitatu wakaenda Ujerumani ya Magharibi ku Kombe la Dunia. Ilikuwa mara ya kwanza nchi ya Afrika kusini ya Sahara kufika kule. Scotland wakatupiga 2-0. Tarehe 18 mwezi wa sita, ku Gelsenkirchen, Yugoslavia wakatupiga 9-0. Tena Brazil 3-0. Kocha alikuwa yuleyule, na wengi wa wachezaji walikuwa walewale. Je, akili ya Vidinić ilikauka katika miezi mitatu?

Watu walitafuta wa kumutupia kosa, na hakuwa mbali. Wamoja walisema: huyu ni mutu wa Yugoslavia, ameuza mechi kwa ndugu zake! Tena siku ile alimutoa Kazadi ku goli kisha magoli matatu na kumuingiza Tubilandu, basi wakaona ushuhuda umepatikana. Lakini wachezaji wenyewe walieleza kisha miaka mingi: mbele ya mechi ile walikwisha kujua kwamba pesa waliyoahidiwa haitawafikia, na mioyo yao ilivunjika. Pesa ile haikuwa ndani ya mufuko wa kocha.

Na katika mechi ileile kulikuwa jambo moja ambalo siwezi kulisahau kila ninapoona karatasi yenu. Wachezaji wetu walimuzunguka mwamuzi kwa hasira. Mwepu Ilunga akamupiga teke. Mwamuzi akageuka, akatoa kadi nyekundu, akamupa Ndaye! Ndaye hakupiga mutu. Mufungaji wetu mukubwa akatoka inje kwa kosa la mwenzake, na mwenye kosa akabaki kiwanjani anaendelea kucheza.

Basi ninauliza: ile kadi tunayotaka kumupa kocha wetu, ni yake kweli, ao ni ya mutu mwingine? Tuhesabu mateke, na tumutafute mwenye muguu.

Teke la kwanza: mipira. Shule iko na mipira mitatu, na mumoja unatoka pumzi mbele ya nusu saa. Wachezaji ishirini na wawili kwa mipira miwili. Mchango wa michezo tulioahidi mwanzo wa mwaka, nusu ya madarasa haijautoa. Na majina ya madarasa yale ninayaona mengi juu ya karatasi.

Teke la pili: wachezaji wenyewe. Wawili kati ya wale kumi na mmoja hawakukanyaga mazoezi majuma matatu mbele ya mechi. Siku ya mechi walifika na viatu vizuri, na ninyi wenyewe muliwapigia kelele waingie: « Awaweke! Awaweke! » Kocha akawaweka. Hapo ninaona kosa lake, na ninalisema: alipashwa kukataa. Lakini siku ile, kama angekataa, mungeanza karatasi yenu palepale.

Teke la tatu, na hili ninaliandika kwa taabu. Mazoezi yalikuwa siku ya pili na siku ya ine. Tangu mwanzo wa muhula huu, siku ya ine kuna salongo ya internat, na wachezaji saba ni wa internat. Kwa hiyo mara moja kwa juma kocha alikuwa anafundisha nusu ya ekipe. Walinzi wale wawili waliotazamana, mumoja ni wa internat, mwingine analala kwao. Karibu hawakufanya mazoezi pamoja. Nani alipanga salongo siku ya ine? Ni mimi. Kocha alikuja kuniona mara mbili kuniomba nibadilishe. Nilimujibu kwamba programu imekwisha kuandikwa na kubandikwa ku ukuta. Alinyamaza, akaenda zake. Yeye mwalimu, mimi mwanafunzi, na hakunishitaki kwa Prefe.

Sasa munajua juu gani jina langu halimo. Nikiliandika pale, ninakuwa mutu aliyepiga teke na kutazama Ndaye anatoka.

Mutaniambia: « Mukubwa, hiyo ni habari ya zamani. Siku hizi ekipe ikipigwa, kocha anaenda. » Basi tuje karibu. Na kusema kweli yote, kuna mifano inayowasaidia ninyi. Sitaificha.

Mwaka 2024, mwezi wa kwanza, Côte d'Ivoire walipigwa 4-0 na Guinée Équatoriale ku kwao wenyewe, hesabu ileile yetu. Kocha wao Jean-Louis Gasset akaenda. Emerse Faé akashika ekipe, na mwezi wa pili wakatwaa Kombe la Afrika. Njiani walitutoa sisi pia, 1-0, ku nusu fainali. Tena TP Mazembe: walitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2009 wakiwa na Diego Garzitto, 2010 wakiwa na Lamine N'Diaye, 2015 wakiwa na Patrice Carteron. Makocha watatu, makombe matatu. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kubadilisha kocha ni zambi.

Lakini angalieni vizuri ni nini iliyobadilishwa. Faé hakutoka mbali. Alikuwa musaidizi wa Gasset, alikuwa anawajua wachezaji mumoja mumoja. Na Mazembe ni nyumba yenye nguzo: wachezaji wanalipwa, mazoezi yanafanyika, kiwanja kiko. Ukitoa mupishi mumoja na kuweka mwingine katika jiko lenye unga na kuni, watu watakula. Ukimuweka katika jiko letu lisilo na unga, hata akiwa hodari namna gani, tutalala na njaa, na kesho tutaandika karatasi ingine.

Tena jina kubwa halichezi. Mwaka 2021 Leopards walipewa Héctor Cúper, mutu aliyefikisha Valencia ku fainali mbili za Ulaya, 2000 na 2001. Mwezi wa tatu 2022 tulitoka 1-1 na Maroc ku Kinshasa, kisha tukapigwa 4-1 ku Casablanca, na njia ya Kombe la Dunia ikafungwa. Mwezi wa sita tukapigwa na Gabon, tukapigwa na Sudan. Akaenda.

Mwezi wa munane 2022 akaja Sébastien Desabre. Na huyu njo ninataka mumuangalie. Alipewa wakati, akafikisha ekipe ku Kombe lililochezwa 2024 kule Côte d'Ivoire. Mechi ya kwanza na Zambia: 1-1. Ya pili na Maroc: 1-1. Ya tatu na Tanzania: 0-0. Mechi tatu bila kushinda hata moja! Kama karatasi yenu ingalitembea siku ile, ingalijaa pande zote mbili. Kocha akabaki. Kisha tukatoa Misri kwa penaliti, 8-7, na ya mwisho akaipiga Lionel Mpasi, mulinda goli wetu mwenyewe. Kisha tukapiga Guinée 3-1. Tukamaliza wa ine. Hatukupata kombe, lakini hakuna mutu aliyesema tulicheza kama watu wasiojuana.

Kwangu, mafundisho ni haya. Swali si « kocha abaki ao aende » tu. Swali la kwanza ni: tulimupa nini, na tulimuambia tunangoja nini? Mutu aliyepewa vyote na bado hakufanya kitu, aende, na hakuna chuki. Mutu aliyenyimwa vyote, ukimufukuza, hujajua bado kama ni hodari ao si hodari. Umetupa sufuria bila kuiweka hata siku moja juu ya moto.

Kwa hiyo ninaleta mashauri yangu mbele ya wote, na Bwana Prefe ayapime:

1. Kocha abaki mpaka mwisho wa mwaka wa masomo.

2. Salongo ya internat iende siku ya tatu. Hii haitangoji mutu. Nimekwisha kutoa programu ya zamani ku ukuta.

3. Kila darasa litoe mchango wake mbele ya mwisho wa mwezi, na hesabu ibandikwe mahali wote wanaona. Tununue mipira mine.

4. Asiyekuja mazoezi mara mbili kwa juma asicheze, hata awe nani, hata tukipiga kelele namna gani. Katika jambo hili kocha apashwe kuwa mugumu, na sisi tupashwe kufunga midomo.

5. Watoto wa darasa la tatu na la ine wapewe mechi yao ya kujaribu kila mwezi, maana ninyi munaosema wanasahauliwa munasema kweli.

6. Mwisho wa mwaka, komite ya wanafunzi ikae pamoja na kocha mwenyewe, uso kwa uso. Asikilizwe mbele ya kuhukumiwa. Kama ekipe haikuendelea, tumushukuru kwa adabu, na tutafute mwingine kati ya wale wanaowajua vijana hawa. Siku ile, kama inapashwa, jina langu litakuwa la kwanza juu ya karatasi.

Neno la mwisho. Kocha wetu ni mwalimu wa hesabu. Kwa kazi ya mupira hapewi hata franka. Ile sindano ya kujaza pumzi, aliinunua yeye. Kisha zile 4-0, siku ya kwanza asubui, aliingia katika darasa letu, akaandika mazoezi ya egzameni ya serikali ku ubao, akatufundisha kwa uvumilivu uleule wa siku zote. Nyuma ya darasa karatasi ilikuwa inapita chini ya meza, toka mukono kwa mukono. Ninafikiri aliiona.

Mimi mwaka huu ninamaliza, sitakuwa hapa kombe likija. Lakini ninyi mutabaki, na yeye labda atabaki. Ninaomba jioni hii wale wawili wanaoshika karatasi waje kwangu. Tutaisoma pamoja, na kando ya kila kosa tutaandika jina la mwenye muguu. Langu nimekwisha kuliandika.

Wenu,

Mukubwa wa wanafunzi, darasa la sita