Ratiba ya Ndege ni Waraka wa Kisiasa: Hoja kutoka Magharibi ya Ayalandi

Kuna sentensi moja ambayo watawala wa nchi nyingi huipenda kwa kuwa huwaondolea lawama: "Soko limeamua." Husemwa kiwanda kinapofungwa, reli inapoachwa iote nyasi, benki inapoondoa tawi lake wilayani. Katika makala haya nakusudia kuipinga sentensi hiyo, na silaha yangu ni kitu ambacho wengi watakiona kidogo mno kwa mjadala wa wasomi: ratiba za safari za ndege katika viwanja vya mikoani nchini Ayalandi.

Sikuichagua mada hii kwa kubahatisha. Miaka yangu ya masomo ya udaktari niliishi magharibi ya nchi ile, na jiografia yake niliijifunza katika vituo vya mabasi. Anayeishi Galway akitaka kuruka alfajiri kutoka Dublin hana budi kupanda basi usiku wa manane, akavuka kisiwa kutoka ufuko wa magharibi hadi wa mashariki, ndipo aanze safari anayoiita safari. Watu wa huko wamelizoea jambo hilo kama walivyoizoea mvua. Nami nasema mvua huletwa na mawingu, bali ratiba ya ndege huandikwa na watu.

Tuanze na hesabu. Kwa sensa ya mwaka 2022, Jamhuri ya Ayalandi ilikuwa na watu wapatao milioni 5.15, na kati yao takribani milioni 1.46 waliishi katika Kaunti ya Dublin. Hiyo ni kama asilimia 28. Lakini uwanja wa ndege wa Dublin hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya abiria wote wa anga wa Jamhuri. Cork, Shannon, Knock, Kerry na Donegal hugawana masazo. Najua kwamba mji mkuu huvuta watalii na wafanyabiashara kuliko mji mwingine wowote, na sitarajii asilimia hizo mbili zilingane. Lakini pengo la ukubwa huo halijitokezei lenyewe. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na watetezi wa soko huipenda sana methali hiyo. Wasichosema ni kwamba mkondo nao huchimbwa, na mchimbaji huwa na jina.

Tazama Shannon. Uwanja huo ulipoanza kupokea ndege za kuvuka Atlantiki mwaka 1945, faida yake ilikuwa ya kijiografia: ndege za wakati ule zilihitaji kujaza mafuta katika ncha ya magharibi ya Ulaya. Hapo ndipo lilipofunguliwa duka la kwanza duniani la bidhaa zisizotozwa ushuru katika uwanja wa ndege, mwaka 1947. Ndege za jeti zilipokuja na kuweza kuvuka bahari bila kutua, wenyeji hawakukaa kusubiri hisani ya soko: mwaka 1959 likaanzishwa eneo huru la viwanda kando ya uwanja, na mji mzima ukaota mahali palipokuwa mabwawa na malisho. Kwa miongo kadhaa pia serikali ilizilazimisha ndege za kuvuka Atlantiki kutua Shannon. Kanuni hiyo ililegezwa hatua kwa hatua, na ikazikwa na mkataba wa anga huria kati ya Umoja wa Ulaya na Marekani ulioanza kutumika mwaka 2008.

Sitetei kurudishwa kwa kanuni ile. Kumteremsha abiria mahali asipokwenda ni sera ya kuchosha watu, na wakazi wa Dublin walikuwa na haki ya kuichukia. Ninachodai ni uaminifu wa kimantiki. Kama kutua Shannon kulikuwa tendo la kisiasa, basi kuondoka Shannon nako kulikuwa tendo la kisiasa. Haiwezekani kitendo kiwe siasa kinapoinufaisha magharibi, kisha kigeuke kuwa sheria ya maumbile kinapoinufaisha mashariki.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni ule wa mwaka 2007. Mwaka mmoja kabla yake serikali ilikuwa imeuza sehemu kubwa ya hisa zake katika shirika la Aer Lingus, ikabaki na takribani robo. Agosti 2007 shirika likatangaza kwamba safari za Shannon kwenda Heathrow zingesitishwa, na nafasi zake za kutua Heathrow zingehamishiwa Belfast. Msomaji asiyefuatilia mambo ya anga huenda akajiuliza kelele zilitoka wapi, kwani London ina viwanja vingine. Jibu ni kwamba Heathrow ni njia panda ya dunia. Anayefika pale saa tatu asubuhi hufika New York, Johannesburg au Mumbai siku ile ile au kesho yake kwa tiketi moja. Isitoshe, nafasi za kutua Heathrow ni chache, zina thamani ya mamilioni, na kanuni humtaka mwenye nafasi aitumie kwa angalau asilimia 80 ya msimu au aipoteze. Kuhamisha nafasi ni kuhamisha mali. Wafanyabiashara wa Limerick na Clare walipaza sauti. Serikali, ikiwa bado mwanahisa mkubwa, ilijibu kwamba huo ulikuwa uamuzi wa kibiashara wa shirika. Safari hizo zilirejeshwa baadaye, lakini kila mwenye kiwanda katika eneo lile alikwisha kuelewa kwamba mlango wake wa dunia umefungwa kwa komeo lililo mkononi mwa mtu mwingine.

Knock ni hadithi ya upande wa pili. Mahali hapo, katika Kaunti ya Mayo, pamekuwa pa hija tangu mwaka 1879. Paroko wake, Monsinyori James Horan, alidai eneo lile maskini lijengewe uwanja wa ndege wa kimataifa juu ya kilima chenye ukungu na udongo wa kinamasi. Serikali moja ikaanza kutoa fedha, iliyofuata ikazikata, na wakosoaji wa mji mkuu wakaigeuza kazi ile kuwa mzaha. Horan akachangisha mwenyewe. Safari za kwanza, kwenda Roma, ziliondoka Oktoba 1985. Uwanja ukafunguliwa rasmi tarehe 30 Mei 1986. Na miezi miwili baadaye mzee yule akafariki dunia. Leo uwanja uliodhihakiwa kwamba hautapata abiria hupitisha zaidi ya watu laki nane kwa mwaka.

Wataalamu waliosema hakuna mahitaji hawakuwa wajinga. Walikosea kipimo. Walitafuta mahitaji katika takwimu za safari zilizokuwapo, na huwezi kuhesabu nyayo za wanaokwenda katika kisima ambacho hakijachimbwa. Mahitaji yalikuwa katika nyumba za kupanga za Manchester, Birmingham na London, walikoishi wana wa Mayo waliohama kutafuta kazi. Hao hawakuwa na msemaji katika ofisi za mipango.

Lakini nisiigeuze Knock kuwa ngano ya ushindi. Soma ratiba yake kama unavyosoma matini yoyote. Uzito wake uko katika miji ya Uingereza walikohamia wenyeji, na katika fukwe za Hispania na Ureno wanakokwenda likizo. Shirika linalotawala hapo huuza kipande cha safari, kutoka hapa hadi pale, na si safari ya kuunganisha hadi mwisho wa dunia. Ni ratiba ya watu wanaoondoka na ya fedha zinazoondoka. Kwa familia zilizotawanyika ni baraka, na sitaibeza. Kwa kijana anayetaka kubaki Mayo na kuuza bidhaa yake Frankfurt, haisemi mengi.

Hapa ndipo linapoingia suala la nguvu. Uwanja mdogo wenye mteja mmoja mkubwa haufanyi naye mazungumzo, unambembeleza. Msimu wa kiangazi wa ratiba za ndege huanza Jumapili ya mwisho ya Machi, na wa baridi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kila msimu unapokaribia, viwanja vya mikoani barani Ulaya hushindana kupunguza ada ili ndege isihamie kwa jirani. Madiwani hupiga picha na rubani siku ya uzinduzi, na magazeti ya mkoa husifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baridi ikifika, safari tano kwa wiki huwa mbili, na mbili huweza kuwa hakuna. Hakuna anayepiga picha siku ya safari ya mwisho.

Sasa linganisha na Donegal. Kaunti hiyo ya kaskazini-magharibi haina reli, inapakana na Jamhuri iliyobaki kwa ukanda mwembamba tu, na barabara ya kawaida ya kwenda Dublin hupita katika ardhi ya Ayalandi ya Kaskazini. Kati ya uwanja wake mdogo wa Carrickfinn na Dublin kuna safari mbili kwenda na kurudi kila siku, kwa sababu serikali huzilipia chini ya utaratibu wa Ulaya uitwao wajibu wa huduma kwa umma. Miongoni mwa abiria wake wamo wagonjwa wa saratani wanaokwenda kutibiwa Dublin. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, saa ya kuondoka ina uzito kuliko bei. Ndege ya asubuhi na ya jioni humwezesha kutibiwa na kulala kwake. Ndege moja ya mchana ingemlazimisha kutafuta malazi akiwa hana nguvu za kusimama. Hiyo ndiyo maana ninayokusudia ninaposema ratiba ni waraka wa kisiasa: ndani yake kuna uamuzi kuhusu nani atalala kitandani kwake. Na Juni 2021, shirika la Stobart Air lililoendesha safari hizo lilipoanguka ghafla, njia ya Donegal haikufa. Mkataba ulipewa mwendeshaji mwingine, kwa kuwa wajibu ulikuwa wa dola na si wa kampuni.

Wapinzani wangu wana hoja tatu, na hazistahili kupuuzwa. Ya kwanza, kisiwa ni kidogo na barabara kuu zimejengwa. Ni kweli, na ndiyo sababu siombolezi kila uwanja uliokufa. Galway ilikuwa na njia ya kurukia isiyofika meta 1,300, haikuweza kupokea jeti kubwa, na ilikuwa katikati ya Shannon na Knock. Ilipopoteza safari zake mwaka 2011, hoja ya kuifufua ilikuwa dhaifu. Kutetea mikoa hakumaanishi kutetea kila lami. Ya pili, ruzuku ni gharama kwa mlipakodi. Kweli, lakini barabara kuu zinazokwenda Dublin nazo hazikushuka kutoka mbinguni. Zilijengwa kwa kodi, na hakuna anayeziita ruzuku kwa uwanja wa Dublin, ingawa ndizo zinazouletea abiria. Ya tatu ni mazingira. Hii ndiyo nzito kuliko zote. Lakini abiria wa Mayo anayeendesha gari kuvuka nchi nzima ili apande ndege ile ile hajaokoa hewa yoyote. Amehamisha moshi na kuuongeza.

Kisha kuna ukomo wa Dublin. Kibali cha ujenzi cha mwaka 2007 kiliweka sharti kwamba majengo mawili ya abiria ya uwanja ule yasipitishe zaidi ya watu milioni 32 kwa mwaka. Idadi ilipolifikia sharti hilo, palikuwa na fursa adhimu ya kuuliza: je, ziada iende Shannon na Cork, zenye njia ndefu na nafasi tele? Badala yake mashirika ya ndege yalikwenda mahakamani, na mjadala ukageuka kuwa namna ya kuliondoa sharti. Tukaambiwa abiria hawezi kulazimishwa kwenda asikotaka. Ajabu ni kwamba watu wa magharibi wamekuwa wakilazimishwa kwenda wasikotaka kwa miaka yote hiyo, na hakuna aliyeliita jambo hilo kulazimishwa. Liliitwa soko.

Pendekezo langu si la kimapinduzi. Ratiba ya uwanja wa mkoa ipimwe kwa maswali matatu. Je, mtu anaweza kwenda na kurudi siku moja kwa shughuli ya lazima? Je, kuna angalau njia moja inayomfikisha katika kitovu cha dunia kwa tiketi moja? Je, njia hiyo huishi mwaka mzima, baridi na kiangazi? Pale ambapo jibu ni hapana, na mkoa una watu wa kutosha, dola inunue huduma hiyo kwa mkataba wa miaka kadhaa, kama inunuavyo safari za Donegal, badala ya kuviacha viwanja maskini vishindane kutoa zawadi. Fedha hizo zitamfunga mwendeshaji kwa saa, kwa idadi ya safari na kwa msimu. Punguzo la ada halimfungi kwa lolote.

Wasomaji wangu wa Kigoma, Mtwara na Songea hawatahitaji kutafsiriwa haya. Ukiwa pembezoni mwa nchi yoyote, hujifunza mapema kwamba swali la kwanza si kama ndege ipo, bali inaondoka saa ngapi na nani ana mamlaka ya kuiondoa. Mwenye hoja tofauti aijenge kwa takwimu, nami nitaijibu hapa hapa.