Diski Imeganda? Ilaze Kwanza, Kisha Uifute

Wiki jana nilipata mnunuzi wa laptopu yangu ya zamani. Pesa alikuwa nazo mkononi, lakini mimi sikuwa tayari. Ndani ya diski mlikuwa na nakala ya kitambulisho changu, karatasi za benki na kazi za wateja. Kufomati haraka hakutoshi: hufuta orodha ya mafaili, mafaili yenyewe yakabaki. Hata ukijaza sufuri kwa dd, SSD ina sehemu za akiba ambazo Linux haizioni.

Dawa ni amri ya kufuta iliyomo ndani ya diski yenyewe, ATA Secure Erase. Nikawasha Linux kutoka kwenye flashi, nikaandika:

hdparm -I /dev/sda

Jibu: frozen. Yaani imegandishwa, haipokei amri hiyo.

Aliyeigandisha si Linux, ni BIOS, wakati kompyuta inapowaka. Nia yake ni njema: programu haribifu isije ikaweka nywila kwenye diski na kukufungia nje. Kwa hilo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba BIOS yangu haina mahali pa kuzima kinga hiyo. Nyumba ni yangu, ufunguo anao mwingine!

Haya, njia ni hii. Laza kompyuta:

systemctl suspend

Subiri kidogo, iamshe kwa kitufe. Diski hukatiwa umeme usingizini, na kompyuta nyingi haziigandishi tena zinapoamka. Rudia hdparm -I. Ukiona "not frozen", endelea:

hdparm --user-master u --security-set-pass siri /dev/sda
hdparm --user-master u --security-erase siri /dev/sda

Kufuta kukifaulu, nywila hiyo huondoka yenyewe. Kukikatizwa, diski yaweza kubaki imefungwa, kwa hiyo chomeka chaja na usiisahau nywila. Kagua kwanza kwa lsblk kwamba sda ndiyo diski unayotaka, si flashi wala diski ya nje. Usijaribu kupitia adapta ya USB. Wapo wanaochomoa waya wa diski kompyuta ikiwa inawaka; mimi siwashauri. Na kama diski yako ni ya NVMe, amri hizi si zake; tumia nvme format yenye --ses=1.

Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini sheria haifuti diski. Kompyuta za mtumba zinapita mikono mingi, na mwuzaji wa kawaida hajui hdparm ni mnyama gani. Baadhi ya watengenezaji wameweka sehemu ya kufuta diski ndani ya BIOS. Wote wangefanya hivyo. Anayetuwekea kufuli atuachie na ufunguo.

Laptopu niliiuza siku iliyofuata, na usiku huo nililala usingizi mzuri. Wewe je, ile uliyouza mwaka jana uliifuta vipi?