Kuwashwa Huko Chini, na Hiyo Krimu Mnayouziwa

Wasee wa Kitui na Makueni, tuache kudanganyana. Jua la Wote saa nane mchana, uko juu ya boda tangu asubuhi, boksa ya nailoni imelowa jasho. Ukianza kuwashwa kwenye kinena, mara nyingi ni fangasi tu, ile ile ya miguuni. Lakini mtu akisema, gengeni anaitwa malaya. Basi anakaa kimya miezi mitatu akijikuna.

Mimi pia nilinyamaza. Nikaingia kemisti moja, nikanong'ona kama mwizi, nikauziwa krimu ya "kila kitu". Siku tatu, raha. Wiki ya pili upele umeshuka mapajani! Kumbe ilikuwa na steroidi: inazima mwasho na wekundu, huku fangasi inaendelea kusambaa chini kwa chini. Na hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Pesa walichukua.

Soma tyubu kabla ulipe. Iandikwe clotrimazole peke yake. Ukiona betamethasone, rudisha. Paka mara mbili kwa siku, wiki mbili hadi nne, hata mwasho ukiisha mapema. Vaa soksi kabla ya boksa, usibebe fangasi kutoka miguuni. Jikaushe vizuri. Najua maji kwetu ni ya mtungi, lakini kujikausha hakuhitaji maji. Na wewe unayejiosha na dawa ya choo, maze, hiyo ni ngozi!

Ukiona kidonda, malengelenge au usaha, achana na kemisti, nenda hospitali upimwe. Daktari ameona nyingi kuliko yako.