Tuhesabu miti hai, tuanze na udongo wa kiriba

Msimu wa mvua ukifika, takwimu za upandaji miti hutangazwa kwa mbwembwe. Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Nchini Tanzania, kila halmashauri hupangiwa miti milioni 1.5 kwa mwaka. Kinachotangazwa zaidi ni miche iliyotoka kitaluni, si ile iliyovuka kiangazi. Ukweli ni kwamba uwezo wa mche kustahimili shamba hujengwa mapema, ukiwa bado kwenye kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea miche, na kiriba kilichojazwa udongo mfu, usio na viumbe hai, hutoa mche mnyonge hata ukiwa na majani mazuri.

Katika udongo mwekundu wa tropiki, chuma na alumini huing'ang'ania fosforasi hata mizizi michanga isiipate. Hapo ndipo kuvu rafiki hufaa: nyuzi zake, nyembamba kuliko mizizi, hupenya pasipofikika na kuuletea mche fosforasi na maji, nao mche huzilipa kwa sukari. Hili si jambo la kubahatisha. Kule Puerto Rico, misonobari ilidumaa na kufa kwa miaka mingi, hadi katikati ya miaka ya 1950 ilipotiwa udongo wenye kuvu zake kutoka Marekani bara. Hata Afrika Mashariki, wakuzaji wa misonobari wamezoea kuchanganya vitaluni udongo wa chini ya misonobari iliyokomaa. Kama mti mgeni hutafutiwa wenza wake, kwa nini miti yetu ya asili kama mvule na mkangazi inyimwe?

Wapo watakaosema mbolea ya dukani hukuza haraka. Ni kweli, lakini fosforasi ikizidi, mizizi huacha kuzikaribisha kuvu, na mche mrefu huenda shambani bila msaidizi. Mboji iliyoiva hulisha polepole na kushika maji; samadi mbichi ndiyo huunguza miche. Wengine wanahofia magonjwa na uchimbaji wa misitu. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana uchukuliwe udongo kidogo tu, chini ya mti wenye afya, kisha kuvu zizalishwe kwenye vyungu vya mtama kwa miezi michache. Njia hii inaufaa mvule na mkangazi. Miti mingi ya miombo hutumia kuvu za aina nyingine zisizoishi kwenye mtama, hivyo huhitaji udongo wa miombo yenyewe. Wala si kila shamba litanufaika sawa: palipo na msitu jirani kuvu huweza kuwepo tayari, lakini ardhi iliyochoka au kuchimbwa madini ndiyo yenye uhitaji mkubwa.

Kwa hiyo mikataba ya miche ibadilishwe. Sehemu ya malipo itolewe miche ikipokelewa, na iliyobaki baada ya kiangazi cha kwanza, kwa kila mche uliopona pale ulipotunzwa kama ilivyokubaliwa. Mwenye kitalu akilipwa kwa miti hai, ataitafuta mboji mwenyewe bila kusubiri semina.