Kisiwa si Orodha ya Sokoni

Imeenea miongoni mwa wasafiri desturi moja mbaya, nayo ni kupanga safari ya kutazama wanyama kama mpishi aandikavyo vitu vya kununua sokoni. Kasa mmoja, nyangumi mmoja, popo mmoja, mlima wa moto mmoja; siku mbili hapa, siku moja pale. Picha zikipatikana, safari imefaulu. Zikikosekana, kisiwa kimewalaghai. Wenye desturi hii huiita maarifa ya usafiri. Mimi naiita ulafi, na sasa nataka kukuonyesha, msomaji, kwa nini naiita hivyo.

Chukua mfano wa visiwa vya Komoro, ambavyo si mbali nasi kwa bahari wala kwa lugha. Viko kati ya kaskazini ya Msumbiji na kaskazini ya Madagaska, na ajuaye Kiswahili akimsikiliza Mngazija akizungumza hushika neno hapa na neno pale, kama asikiaye sauti ya ndugu yake nyuma ya ukuta. Huenda siku moja ukapata nafasi ya kwenda huko. Basi utapangaje?

Jambo la kwanza ni kujua kisiwa kimetoka wapi. Visiwa hivi vilizaliwa kwa moto chini ya bahari, wala havikupata kuungana na bara. Kila kiumbe kiishicho huko kilifika kwa kuruka, kwa kuelea, au kwa kuletwa na watu katika vyombo vyao. Simba hakuwa na njia. Twiga hakuwa na njia. Hata lemuri waonekanao Mwali na Nzwani waliletwa na wanadamu kutoka Madagaska. Kwa hiyo mtu ashukaye Moroni akauliza, "Wanyama wako wapi?" huku akitazamia pembe na manyoya, amekwisha kudhihirisha kwamba hakusoma hata ukurasa mmoja kabla ya kufunga mzigo wake.

Aliye na mbawa, walakini, alifika. Katika misitu ya milimani ya Nzwani na Mwali, wala si penginepo duniani, huishi popo mkubwa mweusi, ambaye mbawa zake zikitandazwa hukaribia mita moja na nusu. Vitabu humwita popo wa Livingstone, ingawa watu wa visiwa walimjua kabla Livingstone hajazaliwa. Yeye hula matunda, na mbegu azidondoshazo huotesha msitu upya. Huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Makadirio ya wataalamu hayafikishi popo hawa 2,000, na miti mikubwa waning'iniayo mchana hukatwa mwaka hata mwaka ili kupanda ndizi, karafuu na langilangi. Usimlaumu mkulima upesi. Ana watoto wa kulisha, na ardhi ya Nzwani ni haba kwa watu wake. Lakini mito mingi ya kisiwa hicho, iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima, imekauka kwa kukosa msitu, na mkulima huyo huyo ndiye aonaye kiu. Hayo ndiyo mambo yaliyo nyuma ya neno "popo" katika orodha ya mlafi wetu, naye amempangia asubuhi moja.

Mpinzani wangu atasema: "Fedha ni yangu, siku zangu ni chache, kwa nini nisione vingi?" Namjibu kwamba uchache wa siku ndio sababu ya kuchagua kisiwa kimoja. Mwenye wiki moja akitaka Ngazidja, Nzwani na Mwali, ataona mabandari na viwanja vya ndege. Na kusi likivuma kwa nguvu, mashua hungoja, naye atatazama mawimbi tu. (Maore nimeiacha kusudi: iko chini ya Ufaransa, na sheria zake za kuingia ni nyingine.) Ningekuwa mimi, ningechagua Mwali, kilicho kidogo kuliko vyote vitatu, ambacho bahari yake ya kusini iliwekwa chini ya hifadhi mwaka 2001. Nyangumi wenye nundu hufika huko takriban kuanzia Julai hata Oktoba, wakati wa baridi na ukavu. Atakaye nyangumi naye akaenda Februari, wakati wa joto na mvua, asimlaumu nyangumi. Kalenda ya safari hii haiandikwi na likizo zetu.

Huko Mwali kuna kijiji kiitwacho Itsamia, na pwani yake hupandwa usiku na kasa wa kijani wajao kutaga. Jike hungoja miaka 20 na zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza. Hutambaa kwa taabu juu ya mchanga, huchimba, huweka mayai yapatayo 100, hufukia, hurudi majini. Akimulikwa taa kabla hajaanza kutaga, aghalabu hugeuka na kwenda zake, na taabu yake yote imepotea bure. Watoto wake nao, waanguliwapo, huifuata nuru ya upeo wa bahari. Wakiona taa nyuma yao hupotea nchi kavu. Sasa niambie, msomaji: mtu aliyekwenda huko kwa ajili ya picha, naye hana usiku mwingine, atazima taa yake? Huenda akazima. Lakini mpango wake umekwisha kumshawishi asizime.

Liko jina moja ambalo nataka ulifute kabisa katika orodha, nalo ni gombessa. Mwaka 1938 samaki wa ajabu alinaswa karibu na East London, Afrika Kusini, wa jamii ambayo wataalamu waliidhani imekufa miaka milioni nyingi iliyopita. Profesa J.L.B. Smith alieneza matangazo ya kuahidi pauni 100 kwa atakayeleta mwingine, nayo yaliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na ikaonekana kwamba wavuvi wa huko walikuwa wakimjua siku nyingi, wamempa jina, na nyama yake hawaithamini. Angalia basi: elimu ilikuwa midomoni mwa watu ambao tangazo halikuandikwa kwa lugha yao! Gombessa hukaa chini mno, mita 100 na zaidi, na mgeni hawezi kumtazama. Wala asimwombe mvuvi amvulie. Amwombe amsimulie. Kijana wa Kenya anaweza kuuliza habari hizo kwa Kiswahili na pengine akaeleweka, na hiyo ni akiba ambayo wageni wengi hawana.

Ukipitia Ngazidja, utauona Karthala, mlima wenye urefu wa mita 2,361, ambao una bundi wake mdogo asiyeishi penginepo. Ardhi ya huko ni mawe ya moto yenye matundu, hainyeshei mito. Watu wengi hutegemea maji ya mvua katika matangi, na mlima ulipolipuka mwaka 2005 majivu yaliyachafua. Basi maji unayoogea usiyamwage ovyo. Kuna mama aliyeyakinga tangu masika.

Mpango wangu, kwa hiyo, ni mfupi. Kisiwa kimoja, siku zisizopungua saba, kitabu cha kuandikia, darubini, na ujira wa mlinzi wa kijiji uliotengwa kabla ya kununua chochote kingine. Ukifika Itsamia, keti mchangani gizani pale atakapokuonyesha. Usiku ule kasa asipopanda, mlipe ujira wake wote, umwulize kama kesho atakuwa na nafasi.