Kutubu ni Kurejea

Neno "kutubu" tulilirithi kutoka Kiarabu, na katika lugha hiyo mzizi wake una maana ya kurejea. Anayetubu, basi, ni msafiri aliyegeuza uso kuelekea nyumbani, wala si mshtakiwa aliyesimamishwa kizimbani.

Shuleni mwetu mambo ni kinyume. Mwanafunzi Mkatoliki akiacha kuhudhuria Misa, hasa msichana aliyerudi masomoni baada ya kujifungua, huandamwa kwa maswali: ni nani, ilikuwa wapi, tangu lini? Wanaouliza hudai kwamba wanamsaidia airudie imani. Kwa hakika wanamfungia mlango. Nani aliyewapa ruhusa ya kusikiliza dhambi za mtu?

Kanisa lenyewe halifanyi mzaha na jambo hili. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamkataza padre katakata kumfichua aliyeungama, kwa neno au kwa njia nyingine yoyote. Hata mkalimani, pale anapohitajika, hufungwa na siri hiyo (wanafunzi wangu wa ukalimani na wasikie). Maneno ya chumba cha walimu hayana kifungo cha namna hiyo. Kabla ya kengele ya mapumziko yamekwisha kufika mabwenini.

Atakaye kumrejesha mwenzake ana kazi ndogo lakini ngumu: amjulishe saa ambazo padre huungamisha, amsindikize, angoje nje, na akitoka asimwulize lolote. Njiani wazungumzie masomo.