Msokoto Hauimbi

Muulize mpigaji wa muziki wa bluegrass mwenye dola elfu kadhaa mfukoni anataka mandolini gani. Atakujibu bila kupepesa macho: F. Ndiyo ile yenye msokoto wa mbao begani na ncha ubavuni. Mtindo wa A, wenye umbo la tone la maji, eti ni wa wanaojifunza. Mdadisi kidogo, atakwambia F ina sauti. Hapo ndipo ninapokataa.

Msokoto ni urembo. Katika mandolini nyingi za leo, ndani yake mmejazwa pande zima la mbao. Hapatetemeki kitu pale. Kazi ya sauti ni ya ubao wa juu: fundi ameuchonga unene gani katikati na pembeni, amegundisha papi zipi chini yake, ametoboa matundu ya namna gani. Hayo yote anaweza kuyafanya kwenye A bila kupunguza hata moja.

Imani yenyewe ina chimbuko. Mwaka 1922 kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, Michigan, ilitoa F-5, kazi iliyosimamiwa na Lloyd Loar. Badala ya tundu moja la umbo la yai, ilikuwa na matundu mawili marefu ya fidla. Mpiga mandolini Bill Monroe alikuja kuikuta moja ya 1923 kwenye duka la kinyozi huko Miami, akainunua kwa dola 150, na bluegrass ikapata sauti yake. A za Gibson wakati huo karibu zote zilibaki na tundu la yai, na sauti yake ni laini, haipasui. Basi watu wakalinganisha tundu na tundu, sifa wakaupa msokoto! Na ipo A-5 ya 1923 yenye sahihi ya Loar mwenyewe, matundu marefu na kila kitu. Mpiga mandolini Tim O'Brien naye amejijengea jina akiwa na A mkononi.

Sikatai, F ina faida zake. Mkanda unaning'inia vizuri kwenye msokoto, na siku ya kuuza wanunuzi hawakosekani. Anayeipenda kwa macho na aseme hivyo. Pesa ni zake. Kinachoudhi ni kumtoza mtu maelfu ya dola zaidi kwa jasho la kuchonga pambo, kisha kumwambia amenunua sauti.

Dukani, mwombe mwenzako apige A na F za fundi mmoja, zenye matundu ya aina moja na nyuzi mpya, wewe ukiwa umempa mgongo. Kisha penyeza karatasi nyembamba chini ya miguu ya daraja. Ikipita, daraja halijakaa sawasawa kwenye ubao, na sauti inapotelea hapo hapo, iwe A au F. Mwambie muuzaji alirekebishe kabla hamjaongea bei. Akianza kukusifia msokoto, muage.